Maswali na Majibu: Paa limeondoka, ukuta umebaki

SWALI: Mvua ya juzi imeezua nusu ya nyumba yangu. Ukuta wa tofali za kuchoma haujaguswa, ila mabati yameondoka na kenchi zake (fremu za mbao zinazobeba paa), yakatua juu ya bani la jirani, banda la kukaushia tumbaku. Fundi anataka niache geji 32 niweke 28. Nitapona? – Msomaji, Urambo, Tabora

JIBU: Kabla ya kununua chochote, kagua kilichoanguka. Bati likichanika kwenye tundu la msumari, papi (mbao za juu ya kenchi zinazopigiliwa bati) zikabaki juu, hapo laumu bati au misumari. Lako limeondoka na kenchi, basi kenchi hazikushikwa na ukuta. Geji 28 ni nene zaidi, ni kweli, lakini litapaa vilevile.

Upepo ukipita juu ya paa hulinyonya. Ukiingia kwa dirisha lililo wazi hulisukuma kutoka ndani. Misumari miwili ya inchi 4 iliyopigwa mshazari haiwezi mvuto huo.

Kwa ukuta uliokwisha simama, toboa kozi (mstari wa tofali) ya sita kutoka juu, kama sm 70 chini ya kenchi. Pitisha waya wa mabati wa mm 4, mizunguko miwili, uzungushie kenchi, kisha usokote kwa kipande cha nondo mpaka ukaze. Fanya hivyo kwa kila kenchi. Mafundi wengi hufunga kozi ya kwanza kwa sababu ni rahisi. Upepo ukija, waya haukatiki, unanyanyuka na tofali lake, hasa kama mlijengea udongo.

Papi nazo zifungwe kwenye kenchi kwa waya au bendi ya chuma, maana msumari mmoja wa inchi 3 huchomoka. Msumari wa bati upigwe kwenye mgongo, si kwenye bonde: pembezoni ruka mgongo mmoja, katikati ruka miwili. Usiuzamishe hadi bati libonyee. Ukilegea nao, bati hucheza na tundu hupanuka kila msimu.

Baraza lipe paa lake la pekee. Likinyanyuliwa, liondoke lenyewe.

SWALI: Huku wengine wanasema kilichotupiga ni kimbunga, wengine chamchela. – Msomaji, Kasulu, Kigoma

JIBU: Kimbunga hulishwa na bahari yenye joto, kama kile cha Hidaya cha Mei 2024 kilichogusa pwani, na Kasulu iko mbali mno na huko. Chamchela, upepo wa vumbi unaozunguka, huzuka kwenye ardhi iliyochomwa na jua, mbingu zikiwa safi. Kama mlikuwa na wingu zito, radi na baridi ya ghafla, kinachoshukiwa zaidi ni hewa baridi iliyoporomoka pamoja na mvua, ikagonga ardhi na kutawanyika. Tazameni migomba: ikilala upande mmoja, au ikifunguka kama feni, ni hiyo. Ikiwa imelala huku na huko ndani ya ukanda mwembamba, upepo ulikuwa unazunguka.

SWALI: Mawe juu ya bati yanasaidia? – Msomaji, Nzega

JIBU: Yashushe. Bati likinyanyuka, jiwe huporomoka juu ya aliye chini ya upenu.