Maswali na Majibu: Kusimamia Wafanyakazi

Ni mtindo gani wa usimamizi ulio bora kuliko yote?
Swali hili huletwa kila mara bila muulizaji kutaja anamsimamia nani wala katika kazi gani. Jibu langu halijabadilika: haupo. Mwajiriwa mpya huhitaji kuelekezwa hatua kwa hatua, ilhali fundi mzoefu akielekezwa vivyo hivyo hujiona amedharauliwa. Tafadhali tajeni kwanza mtu na kazi yake.

Nikitoka ofisini, kazi inalala. Je, nifunge kamera?
Kamera itakuonyesha aliyeketi kwenye kiti chake. Haitakuonyesha iwapo anajua anachopaswa kukamilisha kabla ya siku kwisha. Mwaka 1960, mwanazuoni wa Marekani Douglas McGregor aliwatenganisha mameneja wanaoamini kwamba binadamu kwa asili hukwepa kazi, hivyo hana budi kusukumwa, na wale wanaoamini kwamba mtu hujituma akilielewa lengo na kuaminiwa. Mtazamo wa kwanza aliuita Nadharia X, wa pili Nadharia Y, akaonya kwamba ule wa kwanza huzaa tabia ile ile unayoilalamikia, kwa kuwa anayechungwa kila dakika huzoea kufanya kazi anapochungwa tu. Kabla ya kununua kamera, keti na kila mmoja, mkubaliane kwa maandishi atakabidhi nini, lini na kwa ubora upi, kisha ukague siku ile ile mliyopatana. Wengi wanaoniandikia kuhusu uvivu wa watu wao hawajawahi kufanya hata hilo, na wamo wanaochelewesha mishahara huku wakidai uwajibikaji. Mwajiri asiyetimiza ahadi yake hana msingi wa kuwadai wengine watimize zao.

Nikiongeza mshahara, watajituma zaidi?
Yamkini watabaki, kujituma ni suala jingine. Januari 1914 Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Marekani, alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku, takriban mara mbili ya yale ya awali, akapunguza pia siku ya kazi kutoka saa 9 hadi 8, na wimbi la watu kuacha kazi kiwandani mwake likapungua sana. Hata hivyo, sehemu ya fedha hizo ilifungwa na masharti ya mwenendo, na wakaguzi wakatumwa hadi majumbani. Hilo msiliige kamwe, kwani mshahara haununui maisha ya mtu nje ya kazi.

Nimkaripie aliyekosea mbele ya wenzake ili wajifunze?
Hapana. Watajifunza kuficha makosa.

Nikiwashirikisha katika maamuzi, hawatanipanda kichwani?
Hawatakupanda kichwani mipaka ikijulikana. Katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi wa kawaida anayeona kasoro huruhusiwa kuvuta kamba ya kuita msaada, na kasoro isipotatuliwa kwa wakati, uunganishaji wa magari husimama. Msimamizi hajapoteza cheo kwa sababu hiyo. Bainisha yapi wanaamua wao, yapi wanashauri, na yapi ni yako peke yako. Kinachovunja heshima ni kuomba maoni ilhali umeshaamua. Ukiwa umeshaamua, watangazie uamuzi na sababu zake, wala usiitishe kikao.