Kabla ya Kufuga Kuku, Chunga Mdomo

Ukikaribia miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima serikalini, kila mtu hapa Dodoma anakuwa mshauri wako. Fuga kuku wa mayai. Jenga vyumba Ng'ong'ona, upangishe wanafunzi wa UDOM. Nunua shamba la zabibu Mpunguzi. Ushauri wenyewe si mbaya, na mimi zabibu ninazo. Ila nikiwaangalia wenzangu tuliostaafu miaka ile ile, waliochakaa haraka hawakuchakaa kwa kukosa kuku. Walichakazwa na mdomo. Waliingia uzeeni wakilalamika, na leo hata wakipata habari njema wanatafuta pa kuitilia dosari.

Mimi nilikuwa karani wa masjala. Sasa ni bibi wa watu hapa Nkuhungu, mjane, nina presha, na nina magoti yanayotabiri mvua (ingawa kwa Dodoma hayana kazi kubwa, maana mvua yenyewe ni ya Desemba hadi Aprili, na mwaka mwingine haijafika hata huko). Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani nahubiri kwa kuwa sijaguswa. Nimeguswa. Na bado naamini kwamba uchangamfu wa uzeeni mtu anauamua, tena anauamua upya kila siku, kwenye mambo madogo ambayo hata hayaonekani kama uamuzi.

Chukua salamu ya asubuhi. Mjukuu anakuja mlangoni kabla ya kwenda shule: "Shikamoo bibi, umeamkaje?" Hapo una sekunde mbili. Unaweza kumjibu kama tulivyozoea wazee wengi, "Aah, nimeamka tu mjukuu wangu, miguu hii, usiku sikulala, tunasubiri siku zetu." Mtoto wa miaka tisa akabebe hayo mpaka darasani? Mimi nimejiwekea sheria: neno la kwanza kutoka mdomoni mwangu lisiwe ugonjwa. "Marahaba mwanangu, nimeamka salama. Hiyo soksi moja iko wapi?" Anacheka, anarudi ndani kutafuta soksi, na mimi nimeshaianza siku nikiwa mtu mwenye macho ya kuona soksi za wengine.

Msinielewe vibaya. Sisemi ufiche maradhi. Anayeficha presha ili aonekane mchangamfu ni mjinga, na tumewazika wa namna hiyo. Maradhi yana mahali pake: kliniki, na kwa binti yangu anayefuatilia dawa zangu. Huko nasema yote, hata ya aibu. Lakini muuza nyanya hana la kunisaidia kwenye presha, kwa hiyo kwake naulizia nyanya.

Nisionekane naleta maneno ya barazani tu. Mwaka 2002 mtafiti Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia watu 660 wa mji mmoja mdogo wa Ohio, wenye miaka 50 na kuendelea, kwa muda wa hadi miaka 23. Waliokuwa wanauona uzee wao kwa jicho zuri waliishi wastani wa miaka saba na nusu zaidi ya waliouona kwa jicho baya. Tena hata baada ya kuzingatia afya zao, kipato na upweke, tofauti ilibaki. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba fikra peke yake ndiyo iliyowapa miaka hiyo, na Ohio si Chamwino. Lakini mimi miaka saba siidharau, iwe imetoka wapi.

Sasa nije kwenye ugonjwa wetu hasa, ugonjwa wa wazee wa Dodoma: kiwanja ulichouza.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973, na kwa miaka mingi watu waliufanyia utani. Ardhi ilikuwa ardhi tu, ya uwele na mtama. Halafu 2016 serikali ikaanza kuhamia kweli, 2018 tukapewa hadhi ya jiji, na mashamba ambayo watu waliyatoa kwa bei ya baiskeli yakageuka vitu vya kuulizia ukiwa umevaa suti. Kila mtaa una mzee wake wa "ningejua". Wa kwetu aliuza shamba upande wa Iyumbu. Ukimsalimia, shamba. Ukimwalika harusini, shamba. Msibani kabla ya mazishi alimshika mchungaji akamweleza ukubwa wa shamba na ghorofa lililosimama pale leo, lina geti jeusi na mbwa wawili. Anajua mpaka mbwa.

Siku moja tuko tunasubiri maji, nikamuuliza, "Baba, zile hela zilikwenda wapi?" Akasema zililipa ada ya binti yake chuoni. Binti yupi? Huyu nesi. Huyu anayekulipia umeme na kukuletea mchele kila mwisho wa mwezi? Akanyamaza kidogo, akasema ndiyo, huyo. Kisha akaongeza, "Lakini bei ilikuwa ndogo." Nikacheka, naye akacheka. Sikumponya, bado anasimulia shamba, ila siku hizi na nesi yumo kwenye simulizi.

Ndiyo maana namshauri kila aliyeuza: chukua karatasi, andika hela ile ilifanya nini. Ada, mabati, matibabu ya mama. Hata kama sehemu ililiwa, andika ililiwa. Masjala tulikuwa na alama ya herufi mbili, PA, ambayo bosi akiiandika kwenye faili maana yake shauri limekwisha, faili lirudi kabatini. Halichomwi wala halifichwi. Lipo, siku ya kuhitajika litatolewa, ila halizunguki tena kutoka meza hadi meza likila muda wa watu. Majuto ya kiwanja yanahitaji PA, na mwenye kalamu ni wewe.

Kuna malalamiko ya aina nyingine ambayo sitaki kuyachanganya na hayo, nayo ni ya haki. Mfano ni kikokotoo, ile hesabu ya kupanga mafao ya mstaafu. Wastaafu walipolipigia kelele suala la mafao mwaka 2018, kanuni zile zilisitishwa. Kikaja kikokotoo kipya Julai 2022, mkupuo wa asilimia 33, yaani sehemu ya mafao unayopewa kwa mara moja, kelele zikaendelea, na 2024 serikali ikapandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa limepunguziwa zaidi. Kwa hiyo asije mtu akawaambia wazee wakae kimya watabasamu kwa ajili ya afya zao. Lalamiko lenye anwani lipelekwe kwenye anwani yake: barua, nakala, tarehe, jina la aliyepokea, muhuri. Mimi karani, kwenye hilo sina mchezo. Mafao yako yana kasoro, nenda ofisini na vielelezo vyako, na ukirudishwa rudi tena. Lakini ukishakabidhi barua, umeikabidhi. Kuisoma upya kila jioni barazani hakuifikishi haraka kwa mkubwa yeyote, kunawafanya majirani wapitie njia nyingine tu.

Halafu kuna uchungu ambao hautoki moyoni kabisa, unatoka masikioni. Hili naona halisemwi vya kutosha. Mzee anaanza kutosikia vizuri, watu sebuleni wanaongea, yeye anaokota vipande, wanacheka, anaamini wanamcheka yeye. Baada ya mwaka ameshagombana na mkwe, na familia nzima inasema "mama amebadilika". Mama hajabadilika, hasikii. Na macho ni hivyo hivyo: mwenye mtoto wa jicho anaacha kwenda ibada ya jioni kwa sababu anaogopa mtaro, anaacha vikao, anakaa ndani, mwisho anaitwa mkimya mwenye kiburi. Sisi wa kanda hii tumeishi na trakoma miaka nenda rudi. Kongwa inajulikana hata kwa watafiti wa nje kwa ugonjwa huo, na kuna bibi zetu ambao kope zimegeukia ndani zinawakwaruza jicho mchana kutwa. Unamtegemea huyo awe na tabasamu? Kabla ya kumhubiria mzee moyo wa shukrani, mpeleke akapimwe masikio na macho. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo. Vituo vingi vina dirisha la wazee. Kama hujaandikishwa, anza ofisi ya mtendaji wa mtaa au kijiji.

Na kama hali ni ya wiki kadhaa, mtu halali, hali, haoni ladha ya chochote, anasema ni bora angekufa, hiyo haiitwi kukosa mtazamo mzuri. Ni sonona, nayo inatibika. Tunaoishi Dodoma tumekua na utani wa Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, mtu akiongea peke yake tunamwambia gari lake linakuja. Utani huo umewazuia wengi kwenda kutibiwa mlangoni kwao, wakati watu wanasafiri kutoka mikoa mingine kuifuata huduma hiyo hiyo.

Kuhusu zabibu niseme kidogo, kwa sababu watu wananiuliza kama zinalipa. Mwaka mwingine zinalipa, mwaka mwingine mnunuzi anakuja amejipangia bei yake na ukikataa zinakuozea. Lakini zimenipa kitu ambacho sikukitarajia: tarehe. Ukishapogoa, unahesabu takribani miezi minne hadi kuvuna, na hapa kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Kwa hiyo muda wote nina kitu kinachonisubiri mbele. Jembe sishiki. Nakaa kwenye kigoda chini ya mti, namwangalia kijana anayepogoa, namuuliza kwa nini hili tawi umeliacha na lile umelikata, naye ananijibu kwa subira ambayo sidhani anampa mama yake. Siku ya kuvuna nyuki wanafika kabla ya mnunuzi, vidole vinanata mpaka huwezi kushika simu, na vijana wanapiga soga za mapenzi yao wakidhani bibi amesinzia. Kama huna shamba, tafuta tarehe nyingine. Kikoba chenye siku ya marejesho, kwaya, kuku wanaototoa, hata zamu ya kufagia msikiti.

Na chagua baraza. Kuna baraza nililoacha kwenda kwa sababu kila jioni tulikuwa tunaondoka tumelemewa kuliko tulivyofika, tumewasema wakwe, vijana, serikali, mpaka upepo. Siku hizi nakaa na kina mama waliokuwa wanapiga muheme, ngoma ya Kigogo, enzi zao. Mabega hayanyanyuki kama zamani, ila ukiwasalimia "mbukwenyi" wanakujibu kwa kelele kama wako uwanjani, na mmoja akianza kugonga ndoo ya maji kwa kiganja, wenzake hawawezi kujizuia. Wana matatizo kama ya lile baraza jingine. Tofauti ni kwamba wameamua tatizo la mtu lizungumzwe mara moja, litafutiwe la kufanya, halafu tuendelee.

Mwisho ni watoto, maana hapo ndipo wazee wengi tunapojiharibia. Simu inayoanza na "mmenisahau" inampa mtoto hatia, na mtu mwenye hatia anachelewa kupiga tena. Tangu treni ya SGR ilipoanza kufika huku 2024, kisingizio cha umbali wa Dar es Salaam kimepungua sana, lakini hakuna anayepanda treni kwenda kusomewa mashtaka. Mtoto mpe siku, mpe sababu, mpe na kazi. Mimi wa kwangu namwambia hivi: "Baba, Jumapili napika ugali wa uwele na mlenda, njoo na watoto, na uje na miwani yako unisomee barua ya bima." Halafu usipige tena mpaka Jumamosi jioni, na hiyo Jumamosi uliza tu wanakuja wangapi.