Bwawa langu la Muheza halikai maji: nisakafie kwa saruji?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimechimba bwawa la perege la mita 10 kwa 20 bondeni, shambani kwangu Muheza. Kila siku maji yanashuka kama sentimita 5. Jirani anashauri nisakafie kwa saruji. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Saruji iache kwanza. Itakumaliza fedha, na udongo wa chini ukititia itapasuka.

Eneo la mita za mraba 200 likishuka sentimita 5, lita 10,000 zimekwenda. Jua halinywi kiasi hicho. Hakikisha hivi: jaza ndoo maji, isimamishe juu ya jiwe ndani ya bwawa, mdomo ubaki nje. Weka alama ya kimo cha maji ndani ya ndoo na bwawani. Kesho yake maji ya ndoo yatakuwa yameshuka milimita chache. Hizo ndizo za jua. Kilichozidi bwawani kimepenya ardhini.

Halafu tembea nyuma ya tuta asubuhi na mapema, upande wa chini. Ukikuta unyevu, tuta ndilo linalovuja. Nimeona wengi wakirundika udongo juu ya majani na udongo mweusi wa juu, na maji hupita papo hapo. Ni kazi nzito, lakini haikwepeki: fumua sehemu ile, chimba mfereji katikati ya tuta mpaka udongo mgumu, kisha ujaze mfinyanzi ukishindilia kila tabaka la sentimita 15. Mizizi ya miti, kama ya mwembe, itoe yote. Mzizi ukioza huacha tundu kama bomba.

Nyuma ya tuta kukiwa kukavu, shuku sakafu. Finyanga tonge la udongo wake wenye unyevu, lirushe juu ulidake. Likisambaratika, huo ni kichanga. Toa maji, tandaza mfinyanzi au udongo wa kichuguu uliolowa kidogo, shindilia tabaka 2 za sentimita 15, upandishe mpaka kwenye kingo. Kwa sakafu peke yake ni karibu mita za ujazo 60, kwa hiyo tafuta udongo wa karibu.

Umesema bondeni. Kama kuna kijito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni, na kuchepusha maji yake kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Uliza kabla hujaongeza jembe.

Ukimaliza kushindilia, jaza maji upesi. Mfinyanzi ukikauka kwa jua hupasuka, utaanza upya.