Tangu korona nachoka haraka nikiwa na watu, ni mimi tu?
Hapana ndugu yangu, hauko peke yako. Mimi ni mkimya tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza janga Machi 2020, moyoni nilishusha pumzi: hakuna tena kulazimishwa kwenda kwenye sherehe. Lakini mwaka wa pili nikagundua nimepoteza hata yale maongezi mafupi na jirani mlangoni, na kumbe hayo ndiyo yaliyokuwa yakinitosha. Simu za video hazikuziba pengo. Saa nzima unaitazama sura yako mwenyewe huku ukivizia pa kuchomekea neno. Kukaa na watu ni mazoezi, ukiacha unakakamaa. Anza na mtu mmoja unayemwamini, mtembee pamoja nusu saa. Ukichoka, aga, uende zako.