Kabla ya kupima tofali, uliza walilala wapi

Nakuandikia wewe unayeanza kazi ya hifadhi ya majengo ya kale, hasa kama umepangiwa kambi ya wanamaji wa Uingereza ya enzi ya Malkia Victoria. Kambi hizo zipo Portsmouth, zipo Devonport, zipo Chatham, na ukizitazama kwa mbali zinafanana: majengo makubwa, madirisha marefu yaliyosimama kwa safu. Kufanana huko ndiko kulikonipoteza.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika maelezo ya ukumbi wa gwaride wa kambi ya HMS Pembroke, pale Gillingham, jirani na kilichokuwa kiwanda cha meli za kivita cha Chatham, katika Kent. Nilishinda siku tatu na futikamba mkononi. Nikahesabu madirisha, nikachora mawe ya pembeni, nikajaza kurasa kumi na moja. Mwalimu wangu alizisoma zote kwa utulivu, kisha akaniuliza: "Kabla ya majengo haya, watu hawa walikuwa wanalala wapi?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nikaanza upya, na tangu hapo siingii kambi yoyote bila swali hilo.

Walikuwa wanalala melini. Kwa muda mrefu jeshi la maji la Uingereza halikuona sababu ya kumjengea baharia nyumba nchi kavu. Meli ikizeeka ilitiwa nanga bandarini, na mabaharia waliosubiri kupangiwa safari walirundikwa humo, wakilala kwenye vitanda vya turubai vya kuning'iniza, bega kwa bega, gizani na kwenye unyevu. Sisi watu wa pwani tuliwahi kuwa na meli ya namna hiyo mbele ya macho yetu: HMS London, manowari kuukuu iliyotia nanga bandari ya Unguja kuanzia 1874 ikiwa kituo cha doria dhidi ya biashara ya watumwa, hadi ilipouzwa ivunjwe mwaka 1884.

Ukishajua hilo, ukuta unaanza kuzungumza nawe. Pembroke lilikuwa jina la meli kabla ya kuwa jina la kambi, na herufi HMS zinazotangulia maana yake ni meli ya mfalme au malkia, japo hii ni ya matofali na haijawahi kuelea. Waliokaa humo waliita sakafu sitaha, na kutoka getini kwenda mjini waliita kushuka nchi kavu. Maneno hayo utayakuta kwenye ramani na kumbukumbu za zamani. Usidhani mwandishi alichanganyikiwa.

Uliza pia pale palikuwa na nini kabla. Pembroke ilisimamishwa kwenye kiwanja cha gereza la wafungwa lililofunguliwa 1856 na kufungwa 1892. Wafungwa wa gereza hilo ndio walioipanua bandari ya Chatham, na matofali ya kazi hiyo waliyafyatua wenyewe. Jasho lao lipo kwenye historia ya eneo lote, na maelezo yasiyowataja yana pengo. Kambi ilichorwa chini ya Kanali Henry Pilkington, mhandisi wa kijeshi, ikajengwa kati ya 1897 na 1902, na mabaharia wakahamia 1903. Malkia alishafariki Januari 1901, kwa hiyo unapoandika "ya Victoria" eleza unakusudia nini: iliamuliwa na kuanzwa katika enzi yake, ikamalizwa katika enzi ya mwanawe.

Sasa paa. Hapa naomba usome polepole.

Ukumbi ule ulijengwa kwa mazoezi ya gwaride wakati wa mvua na baridi, na paa lake lilikuwa na vioo vingi ili mwanga uingie. Kwa gwaride ni fikra nzuri kabisa. Lakini mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kambi ilifurika watu, na homa ya uti wa mgongo ikawalazimu wakubwa kuwatawanya waliobanana mabwenini. Ukumbi ukageuzwa bweni. Usiku wa tarehe 3 Septemba ndege za Kijerumani aina ya Gotha zilipita juu ya mji uliokuwa bado unawaka taa. Watu wapatao 900 walikuwa ndani. Mabomu yalitoboa paa, na vile vioo vya kuleta mwanga vikashuka juu ya waliolala kama visu. Walikufa watu wapatao 130. Saa ya mnarani ilisimama saa tano na dakika kumi na mbili usiku.

Leo ukumbi huo ni maktaba ya vyuo vikuu. Niliporudi mara ya pili sikutoa futikamba. Nilikaa kwenye kiti cha msomaji, nikainua macho kwenye kenchi, nikakaa hivyo karibu saa nzima, koo limenikauka. Ukurasa nilioandika jioni ile ndio pekee ambao mwalimu hakuugusa kwa kalamu.

Baada ya hapo ndipo upime, na upime vizuri. Gusa viungio vya matofali. Katika kambi moja, ambayo si hii, nilikuta fundi wa miaka ya karibuni ameziba viungio vya chokaa kwa saruji. Chokaa huachia unyevu utoke. Saruji huuzuia, nao hutafuta njia kupitia kwenye tofali lenyewe. Nilipitisha kidole, uso wa tofali ukabanduka kama ganda la mkate, ndani unga mwekundu. Aliyekulia kwenye nyumba za mawe za Mji Mkongwe au Lamu anaujua ugonjwa huu. Ujuzi huo usiuache nyumbani kwa kuona haya. Ulaya nao hujenga kwa chokaa.

Na nenda siku ya mvua. Wengi husubiri jua ili picha zitoke vizuri. Chukua koti, simama chini ya mifereji ya paa, fuata bomba la chuma kutoka juu hadi chini, uone maji yanapotoka nje ya njia yake na kuuchora ukuta weusi. Weka alama hapo kwenye mchoro wako kabla ukuta haujakauka.