Kabla hujapiga rangi bampa nyumbani, subiri jua la Arusha litoke

Bampa la kwanza nililopiga rangi mwenyewe lilikuwa la mbele, la Toyota IST yangu nyeupe, mwezi wa saba, saa mbili asubuhi, kwenye banda la gari hapa Moshono. Klia, ile rangi angavu ya mwisho inayoleta mng'ao, ilipokauka ilikuwa na ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji. Wiki tatu baadaye, gari likioshwa kwa presha, rangi ikabanduka vipande vipande mbele ya macho yangu. Iliniuma sana, maana pesa ile niliipata kwa shida. Sitaki yakukute.

Nianze na ule ukungu. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai mnazijua: baridi, na hewa imejaa unyevunyevu. Thina iliyomo kwenye rangi ikiruka hewani hupoza kile unachokipaka, na unyevu hutua juu ya klia ambayo bado mbichi. Weupe unatoka hapo. Siku hizi sishiki kopo kabla ya saa nne na nusu. Kipande nakianika kwanza juani kipate uvuguvugu. Kikiunguza kiganja, nakirudisha kivulini kipoe kidogo. Makopo ya kupuliza nayaweka kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, kamwe si ya moto, kwa sababu yana presha na yanaweza kupasuka. Mchana upepo ukianza, vumbi letu jepesi la volkano hupenya hata chini ya mlango, kwa hiyo sakafu naimwagia maji mapema na kazi naimaliza kabla ya saa nane. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, sipigi rangi kabisa.

Kubanduka kuna sababu nyingine. Geuza bampa uangalie kwa ndani. Mara nyingi utakuta herufi PP, yaani plastiki ya polipropilini. Plastiki hiyo ina utelezi, na prima ya kawaida, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, haiing'ang'anii. Palipobaki plastiki tupu lazima upitishe kwanza mkono mwembamba, yaani tabaka moja, wa prima ya plastiki, ndipo uendelee. Mimi niliuziwa prima ya chuma, nami sikujua kuuliza. Lakini kama rangi ya kiwandani bado imeshika vizuri, usiikwangue yote. Ifubaze tu kwa msasa wa maji namba 800, upake rangi mpya juu yake. Wengi wanaharibu hapa kwa bidii ya kukwangua.

Fundi rangi mmoja mzee wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia, "Mdogo wangu, rangi haifichi kitu, inaonyesha." Akanielekeza nioshe kwa sabuni ya vyombo kabla ya kugusa msasa, kwa kuwa ukisugua kwanza unayasukumia mafuta ndani ya mikwaruzo. Adui mkubwa ni ile dawa ya kung'arisha dashibodi na tairi. Nyingi zina silikoni, na tone dogo tu linatosha kuifanya rangi ikimbie na kuacha vishimo vya mviringo. Usifute kwa petroli, inaacha mafuta.

Rangi yenyewe ichanganywe kwa namba, si kwa macho. Toyota nyingi za kutoka Japani zina kibao ndani ya boneti. Tafuta palipoandikwa C/TR, hapo ndipo penye namba ya rangi. Ukikuta 040, ni nyeupe ya kawaida, anza nayo bila hofu. Ukikuta 070, ni nyeupe ya lulu, inayotaka rangi ya chini, kisha lulu, kisha klia. Hiyo naomba umpelekee fundi. Boneti na milango pia namwachia fundi; nyumbani nafanya bampa, grili na kofia za saiti mira.

Kopo likae sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye kipande. Anza kupuliza nje ya ukingo na umalizie nje ya ukingo wa pili, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza uwe kama vumbi tu, usiogope ukiona chini bado panaonekana. Subiri dakika kumi, rudia. Mikono mitatu myepesi haitiririki.

Hili nalisema kwa uzito: klia inayochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, ina kemikali ya isosyaneti, ambayo ikiingia mapafuni inaweza kukuletea pumu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Kwenye banda la nyumbani, ambako watoto wanapita, mimi siitumii. Natumia klia ya kawaida ya kopo, mlango wazi, na barakoa yenye chujio za kaboni. Jiko la mkaa na la gesi yawe mbali, mvuke wa thina unashika moto. Mwombe na jirani aanue nguo zake kambani.

Klia hiyo ya kopo hukauka juu upesi, lakini ndani bado laini. Bampa langu la pili nililiosha kwa mkono, sponji na maji, mwezi mzima, ndipo nikalirudisha kwenye presha.