Kidonda Kisichouma Ndicho cha Kukimbilia Hospitali

Wiki iliyopita niliandikiwa na binti mmoja wa Morogoro ambaye mama yake, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, ametokwa na lengelenge kwenye kidole gumba cha mguu. Limepasuka na linatoa maji, lakini kwa kuwa halimuumi wameona wasubiri siku ya kliniki mwezi ujao. Nilimjibu papo hapo: mpeleke leo. Kifunikeni kidonda kwa kitambaa safi na kikavu, asiukanyagie mguu huo, asiuchovye kwenye maji ya moto yenye chumvi, wala msimpake majivu au dawa ya meno. Mkifika, ombeni apimwe sukari na apapaswe mapigo ya damu juu ya wayo.

Huenda nilimjibu kwa ukali kidogo, kwa sababu neno hilo "haliumi" nililisikia nyumbani kwetu Tanga, na najua lilikotufikisha. Marehemu kaka yangu alikuwa seremala. Msumari ulitoboa kandambili yake ukaingia unyayoni, naye akaendelea kupiga randa hadi mwanafunzi wake alipoona damu sakafuni. Katika kituo cha afya alichokwenda alisafishwa, akafungwa bandeji na kuambiwa kitakauka; hakuna aliyempima sukari ingawa alisema wazi kwamba anayo. Alipofikishwa hospitali kubwa, uozo ulikuwa umegusa mfupa, na mguu ukakatwa chini ya goti. Simtaji mtu, lakini sijasahau.

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, ikianza na ile mirefu zaidi, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni mwa miguu na kupanda taratibu. Wakati huo huo mishipa ya damu huziba kidogo kidogo, kwa hiyo kidonda hukosa damu ya kutosha ya kukiponya, na vijidudu hustawi. Mguu wa namna hiyo umepoteza mlinzi wake: unaweza kuungua, kuchomwa au kuchubuka, na mwenyewe asijue.

Mimi nami ninaishi na kisukari aina ya pili, na miguu yangu ni mizima, Alhamdulillahi. Katika uchunguzi wangu wa mwaka, uliofanyika mwezi huu, muuguzi aliniambia nifumbe macho, akawa ananigusa unyayoni kwa uzi wa plastiki unaopinda ukikandamizwa kwa uzito wa gramu 10, nami nikawa najibu "hapo" kila alipogusa. Wastani wangu wa sukari wa miezi mitatu ulisomeka asilimia 6.7, na kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya 7. Najivunia jambo hilo wala sioni sababu ya kulificha.

Kila usiku baada ya Isha naosha miguu kwa maji ya uvuguvugu niliyoyapima kwa kiwiko, nakausha katikati ya vidole, kisha naweka kioo sakafuni na kutazama unyayo wote. Mafuta napaka juu na chini, si kati ya vidole. Sugu sikati kwa wembe. Asubuhi naingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa. Juzi nilitoa mbegu ya ukwaju ambayo ingenichubua kutwa nzima. Ijumaa, saruji ya ua wa msikiti inapowaka jua la adhuhuri, navaa makubadhi hadi ukingo wa mkeka.

Ndugu zangu, tuache kusema "sukari yangu naijua mwenyewe". Sukari haijulikani kwa kujisikia, hujulikana kwa kupimwa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuidhibiti vizuri hupunguza madhara ya mishipa midogo ya damu, hasa ya macho, kwa robo. Basi tumeze dawa hata siku tunazojisikia wazima, tupime na presha, na wavutaji waache sigara. Siku ya kliniki, mvue mzee wako viatu na soksi hata kama daktari hajamwambia. Angalau mara moja kwa mwaka ombeni pia atiwe dawa ya kupanua mboni ili macho yatazamwe hadi nyuma, na mkojo upimwe protini, kwa kuwa macho na figo nazo huharibika bila kuuma.